Bango la kampeni si pambo, limwelekeze mpiga kura

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika siasa, hata chema hakina budi kujitembeza. Ndiyo maana kila msimu wa kampeni hapa nchini, kuta, nguzo za umeme na vibanda vya wachuuzi hufunikwa kwa nyuso za wawaniaji. Swali ambalo wengi wao hawajiulizi kabla ya kumlipa mchapishaji ni hili: je, bango hilo litamfaa nini mpiga kura atakapokuwa peke yake mbele ya debe?

Swali hili ni zito zaidi kwa mwaniaji mwenye mfuko mwepesi. Anayetaka urais hutajwa redioni na kwenye runinga kutwa kucha. Anayewania uwakilishi wa wadi hana bahati hiyo. Tangu uchaguzi wa 2013, Mkenya hukabidhiwa karatasi sita za kura kwa wakati mmoja: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi. Afikapo kwenye ile ya mwisho, aghalabu hutafuta sura au alama aliyowahi kuiona.

Uzito wa sura hiyo ulidhihirika Agosti 2022. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ililazimika kuahirisha uchaguzi wa magavana wa Mombasa na Kakamega hadi Agosti 29, baada ya kubainika kuwa picha za wawaniaji kwenye karatasi za kura zilikuwa na makosa.

Basi kanuni ya kwanza ya bango ni kufanana na karatasi ya kura. Jina liandikwe jinsi litakavyochapishwa na tume, si lakabu ya kijiweni pekee. Alama ya chama ionekane wazi. Mwaniaji huru, ambaye alama yake haijulikani na yeyote, ana sababu kubwa zaidi ya kuikuza.

Kanuni ya pili ni uchache wa maneno. Abiria aliye ndani ya matatu ana nukta chache tu za kulitazama bango. Jina, kiti, eneo, alama na neno moja la ahadi vyatosha. Lakini tazama mabango mengi: shahada za mwaniaji, salamu za sikukuu, kauli mbiu tatu, na picha ya kinara wa chama iliyo kubwa kuliko ya mwaniaji mwenyewe. Mpita njia huondoka akimkumbuka kinara, ambaye hakuhitaji kutambulishwa.

Rangi nazo zina kazi. Herufi nyeupe juu ya kijani kibichi, au nyeusi juu ya manjano, husomeka kwa mbali. Herufi nyekundu juu ya buluu huchosha macho.

Je, gharama hiyo yote ina tija? Nchini Marekani, ambako wafuasi huchomeka vibao vya wawaniaji kwenye nyua za nyumba zao, watafiti wakiongozwa na Donald Green wa Chuo Kikuu cha Columbia walifanya majaribio manne. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa vibao hivyo viliongeza kura za mwaniaji kwa wastani wa takriban asilimia 1.7. Marekani si Kenya, na kiwango hicho ni kidogo. Hata hivyo, tukumbuke kuwa mwaka wa 2022 William Ruto alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga. Pengo dogo huamua mengi.

Lakini alama inayokumbukwa upesi ina hatari yake. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, ndizi iliwakilisha 'Ndiyo' na chungwa 'La'. Chungwa lilishinda, na baadaye likawa nembo ya chama cha ODM. Rasimu ya katiba yenye kurasa nyingi ilikuwa imegeuka shindano la matunda mawili, na pengine wapo waliochagua tunda bila kufungua ukurasa hata mmoja.

Kwa hivyo mwaniaji asidhani kuwa wingi wa mabango ni wingi wa kura, wala vijana wake wasitumwe usiku kuyararua ya wapinzani. Bango humjulisha mpiga kura jina. Sababu ya kulichagua jina hilo sharti aisikie mkutanoni na mlangoni pake.

Nasi wapiga kura tuna wajibu wetu. Tunapoona sura inatabasamu ukutani, tuulize mwenye sura hiyo amefanya nini.