Notisi ya Benki Isifichwe Kabatini

Magazeti ya Kenya hayakosi matangazo ya mnada wa nyumba. Katika baadhi ya nyumba hizo wamo watu: kazi iliisha, biashara ikayumba au riba ikapanda, na malipo ya rehani yakakwama. Benki ina haki ya kudai fedha zake. Mwenye nyumba naye ana haki zake, na nyingi hupotea kwa sababu hakuna aliyemweleza mapema.

Sheria ya Ardhi ya 2012 iko wazi. Mkopaji akikaa mwezi mmoja bila kulipa, benki yaweza kumwandikia notisi ya kumpa angalau miezi mitatu alipe malimbikizo. Asipolipa, hupewa notisi nyingine ya siku 40 kwamba nyumba itauzwa. Dalali naye hutoa siku 45 za kuikomboa, ndipo atangaze mnada. Hadi nyumba inapouzwa, anayelipa deni na gharama huokoa mali yake.

Kinga haziishii hapo. Riba inayobadilika haipandishwi bila notisi ya siku 30. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Nyumba yoyote ya rehani ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa robo au zaidi, benki huhesabiwa kuwa imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini wanaodhani kujitangaza muflisi kutaiokoa nyumba wajihadhari: benki bado inashikilia dhamana yake.

Tatizo ni kwamba barua hizi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mpokeaji huogopa, huzificha kabatini, na miezi inayoyoma. Hukimbilia mahakamani mnada ukiwa mlangoni, akiwa hana hoja wala risiti, na hakimu hawezi kulifuta deni ambalo mwenyewe analikiri.

Tunataka mambo mawili kutoka kwa Benki Kuu. Kwanza, notisi zote ziandikwe pia kwa Kiswahili, ambacho Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi, na zionyeshe kando kando deni la msingi, riba na faini. Pili, benki isitoe notisi ya kuuza nyumba anayoishi mkopaji kabla ya kukaa naye kujadili mpango mpya wa malipo, na mazungumzo hayo yawekwe kwenye maandishi.

Kwa mkopaji, ushauri wetu ni mmoja: nenda benki mara tu unapoona mwezi ujao hautalipika. Beba barua ya kuachishwa kazi au hesabu za biashara, omba muda, na usiondoke bila makubaliano yaliyotiwa saini. Ikiwa nyumba imeshindikana kabisa, omba benki idhini uiuze mwenyewe kwa bei ya soko. Ukilipa deni, kinachobaki ni chako, na utapata pa kuanzia tena.