TUMBO LA MFANYAKAZI NA MOYO WAKE

Mfanyakazi akivunjika mguu, wenzake humbeba. Akishikwa na sonona, akakosa usingizi na hata nguvu ya kuamka, huitwa mvivu. Jambo hilo si la haki, nasi twalipinga.

Elimu ya siku hizi yatuongezea sababu ya kulipinga. Ndani ya utumbo wa kila mtu wamo bakteria wasiohesabika, na wengi wao si adui zetu. Hao huvunja nyuzinyuzi za nafaka, maharage na mboga ambazo tumbo peke yake haliwezi kuzivunja, wakatoa asidi zinazoulisha utumbo na kupoza ule moto ambao mwili huuwasha unapopigana na maradhi. Tena upo mshipa mrefu wa fahamu uunganishao tumbo na ubongo, nao hupeleka habari pande zote mbili.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria hutaharuki kupita kiasi wanapobanwa. Mwaka 2019 wataalamu wa Ubelgiji waliwapima watu zaidi ya 1,000, wakakuta aina mbili za bakteria, Coprococcus na Dialister, zimepungua kwa wenye sonona. Je, upungufu ndio ulioleta ugonjwa, au ugonjwa ndio ulioleta upungufu? Vipimo hivyo havikukata shauri.

Huko Australia, mwaka 2017, ilitangazwa habari ya wagonjwa 67 wa sonona waliofuatwa kwa majuma 12. Katika kundi lililofundishwa kula mboga, matunda, kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa, karibu theluthi moja walipata nafuu kamili. Katika kundi lililopewa mazungumzo tu, waliopata nafuu hiyo walikuwa 8 kwa kila 100. Lakini ifahamike kwamba wengi wao walikuwa wakiendelea na tiba zao.

Nasi tunao ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2025 zilitolewa habari za vijana 77 wa Kilimanjaro. Waliokuwa wakila vyakula vya asili, walipohamishiwa vyakula vya kizungu kwa majuma mawili tu, damu yao ilionyesha moto ule wa mwili umepanda. Waliofanya kinyume, ukashuka. Utafiti huo haukupima sonona, lakini moto huo umekwisha kuonekana kwa baadhi ya wenye sonona.

Kwa hiyo twasema mambo matatu.

Kwanza, sonona ni ugonjwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali. Asiache dawa zake kwa kuwa amesikia habari za mboga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayemcheka mgonjwa ndiye anayemfundisha kuficha.

Pili, wajihadhari wanachama na wachuuzi wa vichupa na vidonge wanaodai kuuza furaha ya tumboni. Elimu bado ni changa, nao wamekwisha kuipangia bei.

Tatu, na hili ndilo kubwa, haifai kumhubiria mfanyakazi ale vema hali mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi, na langoni pa kiwanda hakuna kinachouzwa ila chipsi, maandazi na soda. Maharage, mchicha, mtama na maziwa ya mgando si vyakula vya anasa. Wazee wetu walikula hivyo. Hapana budi matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi viliweke suala la chakula cha kazini mezani, pamoja na mshahara na saa za kazi, kila wanapokutana na waajiri.

Nchi hujengwa kwa mikono, lakini mikono haiinuki moyo ukiwa umelala. Anayedai kazi ya mikono hiyo na awajibike pia kwa sahani iliyo mbele yake.