Mchagua Jembe si Mkulima



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi uliopita mama mmoja alitujia kwa shauri. Bintiye amemaliza shule na ana hamu ya kuwa mpiga picha wa harusi za wanawake. Ni kazi yenye haja kwetu, kwa kuwa siku ya kupamba wanawake huwa wamevua buibui zao na hawataki jicho la mwanamume. Binti asema simu yake haifai. Ataka kamera ya shilingi 120,000. Mama ana bangili mbili za dhahabu, mahari yake. Je, aziuze?

Tulimwomba kwanza atuoneshe picha za bintiye. Nyingi zilikuwa na ila moja: waliovaa buibui nyuso zao zimefifia kwa weupe, na waliovaa kanzu nyeupe zimeingia giza. Ila hiyo haikutokana na simu. Kamera, iwe rahisi au ghali, inapojipimia mwanga yenyewe aghalabu hukisia kuwa kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ikiona weusi mwingi huongeza mwanga. Ikiona weupe mwingi huupunguza. Anayelijua hilo hugusa uso kwenye kioo cha simu, kisha huuteremsha au kuupandisha mwanga kwa kidole. Asiyelijua, hata akipewa kamera ya laki moja na ishirini, aweza kurudi na picha zile zile.

Mengine pia hayanunuliwi dukani. Mkalishe mtu kando ya dirisha asubuhi, uzime taa ya juu inayomtia vivuli machoni. Sogea karibu kwa miguu yako badala ya kuivuta picha kwa vidole, kwani kuivuta huipunguzia ubora. Futa lenzi ya simu, ambayo daima ina mafuta ya mkono.

Hapa pwani tuna mfano wetu. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyekuwa na studio yake katika miaka ya 1960, alijifundisha kazi hii mwenyewe. Bila ya kompyuta, alikata picha na kuziunganisha hata zikawa za ajabu, na wataalamu wa ng'ambo wakaziandikia.

Hata hivyo, tusimdhulumu binti. Chombo kina mahali pake. Ukumbini usiku, taa zikiwa hafifu na watu wakicheza, simu hushindwa. Hapo lenzi ndiyo yenye kuokoa: yenye tundu la f/1.8 hupitisha mwanga takriban mara nne kuliko ya f/3.5. Basi aliyefika hapo hununua kwa kujua anachokikosa, na huenda kamera iliyotumika pamoja na lenzi moja kama hiyo ikamtosha.

Jawabu letu lilikuwa kwamba bangili zisiuzwe bado. Binti apige picha kwa simu kila siku kwa miezi mitatu, na amfuate mwanamke aliyeizoea kazi hii, ambebee mkoba na kutazama anavyosimama na anavyongoja. Ajifunze pia kuhifadhi amana, kwani picha moja ya bibi harusi ikivuja, hakuna kamera itakayomrudishia wateja.

Binti hakufurahi, na mama alituambia hivyo waziwazi. Lakini Ijumaa iliyopita alituletea picha moja: nyanya ya binti, kavaa buibui, kando ya dirisha, anachambua mchele. Uso waonekana barabara, kila kunyanzi mahali pake, na buibui limebaki jeusi. Ilipigwa kwa simu ile ile.

Enyi akina mama mnaoombwa vyombo na watoto wenu, msikatae wala msiharakie kukubali. Ombeni kwanza kuoneshwa walichokifanya kwa kile walichonacho.

Wabillahi tawfiq.