Vuli ya Nyuki
Vitabu vya Ulaya vya ufugaji nyuki husema: majani yakianza kupukutika, wape nyuki maji ya sukari, punguza mlango wa mzinga, subiri baridi. Klabuni tulizoea kuyaita majira hayo “vuli”. Tunaona tulikosea. Kwa bibi zetu wa pwani, vuli ni mvua. Na huku kwetu Dubai, milimani Hatta, miezi hiyo mkunazi, ambao Waarabu huuita sidri, huchanua na nyuki hushiba. Adui wao ni joto la Julai, mzinga unapohitaji kivuli na maji. Basi tukitafsiri, tufuate maua, si kamusi tu. Na mfugaji asikombe asali yote: nyuki naye ana kiangazi cha kuvuka.