Mnyonge Mnyongeni: Wachoraji wa Guangzhou na Haki Yao ya Usanii

Kumekuwa na mazoea ya kuzibeza picha ambazo Wachina waliwachorea wanunuzi wa Ulaya na Marekani enzi za merikebu za matanga. Hoja inayotolewa ni kuwa zilichorwa ili ziuzwe, hivyo ni bidhaa wala si sanaa. Naomba kutofautiana na mtazamo huo.

Kwanza, tuangalie muktadha. Kati ya 1757 na 1842, biashara ya Magharibi nchini Uchina ilibanwa katika bandari ya Guangzhou. Wageni hawakuruhusiwa kuingia ndani ya kuta za mji. Waliishi kwenye safu ya majengo kando ya mto, na msimu ulipokwisha wakaondoka kwenda Macau. Nahodha aliyetaka kuwaonyesha jamaa zake alikofika alinunua picha ya majengo hayo, bendera za mataifa zikipepea mbele yake na mashua zikiwa tele mtoni.

Sisi tunaohakiki fasihi tunajua kwamba fanani yeyote huizingatia hadhira yake. Kumzingatia mnunuzi hakukumpofusha mchoraji. Moto ulioteketeza majengo hayo mwaka 1822 ulichorwa pia. Kuanzia 1836, Lamqua aliwachora wagonjwa wa daktari Mmarekani, Peter Parker, waliokuwa na uvimbe mkubwa mwilini. Hayo si mapambo ya sebuleni.

Pili, ukimya wa matini nao una maana. Katika mandhari zile tulivu za bandari, afyuni haionekani, ilhali mwaka 1839 Lin Zexu aliteketeza zaidi ya makasha 20,000 ya afyuni ya wafanyabiashara wa kigeni. Vita vikafuata, na mkataba wa 1842 ukafungua bandari tano kwa nguvu. Ni nani angenunua aibu yake aitundike ukutani? Ukimya huo ni wa mnunuzi kama ulivyo wa mchoraji.

Linalonisikitisha zaidi ni kuwa mara nyingi jina la merikebu limehifadhiwa, la mchoraji limepotea. Tusiongeze dhuluma juu ya dhuluma kwa kumnyima hata hadhi ya usanii. Wahadhiri wetu na waziingize picha hizi katika mijadala ya uhakiki, zisomwe kama matini nyingine yoyote. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.