Rangi ya kijani kwenye chupa ya dawa haimzungumzii mtoto aliye tumboni

"Dada, hii si ina rangi ya kijani? Tulifundishwa kwamba ya kuogopa ni nyekundu."

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa vijiji vya juu vya Tarime, kule ambako shamba la mahindi linapakana na migomba na migomba inapakana na mlango wa jikoni. Mkononi alikuwa na chupa tupu ya dawa ya magugu. Alikuwa ameisuuza mara moja na alitaka kuitumia kuwekea mafuta ya taa. Mume wake ndiye aliyekuwa amebeba bomba mgongoni, yeye alipima dawa kwa kifuniko na kuichanganya, na kijana wao wa darasa la tano alichota maji. Mimba yake ilikuwa na miezi minne na alikuwa bado hajaanza kliniki.

Kuhusu rangi alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Chini ya lebo ya kila kiuatilifu kuna ukanda wa rangi. Nyekundu ni sumu kali, inafuata njano, kisha bluu, na kijani ni ile ambayo haitarajiwi kumdhuru mtu ghafla ikitumika inavyotakiwa. Tatizo ni jinsi rangi hizo zinavyopatikana, na hilo ndilo lililonifanya niandike safu ya wiki hii.

Zinatokana na panya. Watafiti huwapa panya wa maabara dawa kwa viwango tofauti na kutafuta kiwango kinachoua nusu yao. Dawa ikiua kwa kiasi kidogo inawekwa kwenye nyekundu. Ikihitajika nyingi sana ili panya afe, inawekwa kwenye bluu au kijani. Shirika la Afya Duniani hupanga viuatilifu hasa kwa kipimo hicho. Ni kipimo kizuri, kimeokoa watu wengi, na mzazi anayekichukulia kwa uzito anafanya vyema. Lakini kinajibu swali moja tu: mtu akiinywa au ikimwagikia leo, atakufa au atapona?

Kuna panya wengine ambao waliulizwa swali tofauti kabisa.

Katikati ya miaka ya 1990, katika maabara ya serikali ya Marekani iliyoko North Carolina, Earl Gray, William Kelce na wenzao waliwapa panya wenye mimba dawa ya kuua ukungu iitwayo vinklozolini, iliyokuwa ikitumika kwenye zabibu na mbogamboga. Panya hawakufa. Walikula, mimba zikafika mwisho, na watoto wakazaliwa wakiwa hai. Mtu aliyewatazama kwa mbali angesema dawa ile haina shida.

Shida ilionekana walipowashika watoto wa kiume mmoja mmoja. Kwa panya, kama ilivyo kwa binadamu, umbali kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri ni mrefu zaidi kwa dume kuliko kwa jike, karibu mara mbili. Maabara hupima umbali huo kwa rula ndogo, kwa sababu unaonyesha kama mtoto alipata homoni za kiume za kutosha akiwa tumboni. Madume hawa walikuwa na umbali mfupi, kama wa majike. Walikuwa na chuchu ambazo dume wa panya hapaswi kuwa nazo. Wengine tundu la mkojo lilikuwa chini ya uume badala ya nchani.

Dawa ile haikuchoma kiungo wala haikutia jeraha. Ilichofanya ni sawa na mtu anayevunjia ufunguo kwenye kitasa. Homoni ya kiume ilitengenezwa kama kawaida na ikafika mahali pake, lakini ikakuta tundu limezibwa. Mwili wa mtoto, usiposikia neno la homoni hiyo, unaendelea kujijenga bila hiyo. Mwaka 1995 kundi hilo hilo lilionyesha kwamba DDE, kinachobaki DDT inapovunjikavunjika mwilini na kwenye udongo, nayo huziba kitasa hicho hicho.

Sasa angalia siku. Mimba ya panya hudumu takriban siku 21 hadi 22. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh, Uskoti, wakitumia dawa inayozuia homoni za kiume, walionyesha kwamba madhara makubwa hutokea dawa ikitolewa kati ya siku ya 15 na ya 18 hivi. Siku chache tu. Ikitolewa baadaye, viungo vinakuwa vimeshapokea maagizo yake na madhara ya namna ile hayatokei. Kwa binadamu, wataalamu wanakadiria kipindi hicho kuwa kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya ujauzito.

Wiki ya 8, mama wengi ndiyo kwanza wanajiuliza kama hedhi imechelewa kwa sababu ya uchovu wa kazi. Wiki ya 14, wengi hawajakanyaga kliniki. Ushauri wa mkunga unapomfikia mama akiwa na miezi mitano, kipindi nyeti zaidi cha viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume kimeshapita. Kama wiki hizo zimeangukia msimu wa kupulizia mahindi, au pamba, mama alikuwa shambani kama kawaida kwa sababu hakuna aliyemwambia chochote.

Kutoka Tarime nilivuka Mto Mara hadi Mugumu, wilayani Serengeti, ambako pamba hupigwa dawa ya wadudu zaidi ya mara moja kwa msimu. Mzee mmoja mkulima alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. "Mwanangu, unataka niwaogope panya wa Wazungu?"

Swali lake ni la haki. Panya si mtu, na kwenye maabara hupewa dozi ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko anayokutana nayo mama shambani. Sisemi kwamba kila aliyechanganya dawa amemharibu mtoto wake. Hilo si kweli, na mama aliyeshika chupa hahitaji kulala akilia.

Ila kuna mara ambazo mambo ya panya na ya binadamu yalikutana. Kuanzia miaka ya 1940, wajawazito wengi Marekani na Ulaya walipewa homoni ya kutengeneza iitwayo DES, kwa imani kwamba inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1971 madaktari wa Boston waliripoti saratani adimu ya uke kwa mabinti ambao mama zao waliitumia, na mabinti wengine baadaye walipata shida za kizazi. Maabara ziliporudia jambo hilo kwa panya wadogo, mambo yanayofanana yalionekana kwa majike na kwa madume. Mama zao hawakuwa wameona lolote baya wakati wa ujauzito. Iliwachukua mabinti hao miaka kumi na zaidi kujua.

Karibu na kwetu zaidi ni Limpopo, Afrika Kusini, ambako nyumba zilipuliziwa DDT dhidi ya malaria. Watafiti waliwachunguza watoto wachanga wa kiume 3,310. Wale ambao mama zao waliishi kwenye vijiji vilivyopuliziwa kati ya 1995 na 2003 walikuwa na uwezekano wa asilimia 33 zaidi wa kuzaliwa na kasoro za viungo vya mkojo na uzazi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba DDT ndiyo iliyosababisha, na tafadhali asitokee mtu wa kuacha chandarua kwa sababu ya safu hii. Malaria inaua wajawazito na watoto, hilo halina ubishi.

Yuko pia chura. Kuna chura wa Afrika mwenye kucha, anayeishi majini maisha yake yote, na jamaa zake wa karibu wanapatikana kwenye mabwawa ya ukanda huu wa Ziwa Victoria. Chura huyo amewahi kuwa kipimo cha mimba: kuanzia miaka ya 1930 hadi 1960, hospitali zilimdunga mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai, mwanamke ana mimba. Mwaka 2010 Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha matokeo ya vyura madume 40 waliolelewa kwenye maji yenye atrazini, dawa ya magugu inayotumika sana kwenye mahindi, hapa kwetu pia. Kiasi kilikuwa sehemu 2.5 kwa bilioni. Ni kama gramu moja kwenye maboza 40 ya maji, kila boza la lita 10,000. Robo tatu ya madume hao walipungukiwa nguvu za uzazi, na kama asilimia 10 waligeuka majike kiasi cha kupandwa na kutaga.

Watengenezaji wa dawa hiyo walipinga, na tafiti nyingine hazikuona matokeo hayo, hivyo mabishano yapo hadi leo. Umoja wa Ulaya uliiondoa atrazini sokoni kwa sababu nyingine: iliendelea kuonekana kwenye maji ya ardhini, yale yanayolisha visima. Na niseme wazi, maana habari za vyura hawa huzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa zimeongezwa chumvi nyingi: utafiti huo wa vyura hausemi kwamba dawa ya magugu inabadilisha tabia ya mtoto wako. Tunazungumzia viungo na uwezo wa kuzaa.

Uwezo wa kuzaa si jambo dogo Mara. Mkoa huu unajua nyumba ntobhu, ndoa ambayo mwanamke humwolea mwanamke nyumba yake ili ipate mtoto. Kila ninapouliza habari za kukosa mtoto, mazungumzo huishia kwa mama. Panya wale walikuwa madume, na kilichoathirika ni korodani na uume.

Nyumbani kuna mambo yanayowezekana bila hela nyingi. Mwenye mimba, au anayetafuta mimba, asipime, asichanganye wala asipulize dawa, na asiingie shambani hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Baba abebe kazi hiyo, lakini naye avae glavu, buti na mikono mirefu, kisha aoge kabla ya kumshika mtoto. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na si mama mjamzito wa kuzifua, kwa sababu dawa iliyokauka kwenye kitambaa huamka ikiguswa na maji. Mtoto wa shule asichote maji ya bomba la dawa wala asilioshe, na lisioshewe mtoni. Wanaokunywa kutoka Mto Mara na Mto Mori ni wengi kuliko tunavyohesabu.

Chupa ikiisha, isuuzwe mara tatu, maji yale yarudi kwenye bomba na yapulizwe shambani humo humo, kisha itobolewe. Nimekuta chupa za dawa zikibeba maziwa. Na ukinunua dawa ya kupimiwa kwenye kichupa kisicho na lebo, hujui umenunua nini. Hata Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, inayosajili dawa hizi, haiwezi kukusaidia kuisoma.

Jambo la mwisho ni kwa wenye watoto wa kiume, wawe wakulima au la. Mkague mtoto wakati wa kumwogesha. Je, tundu la mkojo liko nchani, au liko chini ya uume? Je, korodani zote mbili zimo kwenye mfuko wake? Kati ya watoto 100 wa kiume wanaozaliwa kwa wakati, 2 hadi 4 huwa na korodani ambayo haijashuka, na nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Ikifika miezi sita bado, usisubiri. Upasuaji hufanyika vizuri zaidi kabla ya mwaka mmoja na nusu, na kuchelewa kunapunguza uwezo wa kuzaa na kuongeza hatari ya saratani ya korodani ukubwani. Sababu za kasoro hizi ni nyingi, ikiwemo kuzaliwa njiti, kwa hiyo asitafutwe wa kulaumiwa.

Kuhusu tundu la mkojo lililo chini, sikilizeni akina baba wa Tarime na Serengeti, maana najua msimu wa tohara unavyofika na kijana kuitwa "mura" kwa fahari. Mtoto huyo asitahiriwe kwanza, si na ngariba wala zahanati. Ngozi inayokatwa kwenye tohara ndiyo ambayo daktari bingwa huitumia kutengeneza njia mpya ya mkojo. Ikishatupwa, upasuaji unakuwa mgumu zaidi. Aanzie hospitali ya wilaya, aandikiwe rufaa kwenda kwa daktari wa upasuaji wa watoto, kama Bugando kule Mwanza, na tohara itakamilishwa huko huko ndani ya matibabu hayo.

Yule mama wa Tarime hakusema mengi. Alimwita mume wake, akampa chupa, akamwomba atafute msumari. Kisha akaniuliza kliniki ya wajawazito zahanati kwao ni siku gani, na nikagundua sijui, tukaenda wote kumuuliza jirani.