Lopé: Msitu upo, historia ipo, mbona wageni wachache?

Karibu asilimia 88 ya ardhi ya Gabon bado ni msitu. Lakini ukitaja safari ya kuona gorila, wengi wanawaza Rwanda au Uganda. Hifadhi ya Taifa ya Lopé, katikati ya Gabon, inaonyesha kwa nini.

Kuna nini Lopé?

Mto Ogooué unapita hapa kwa kasi kati ya mawe, huku na huku kukiwa na msitu mnene na mbuga za nyasi. Kuna tembo wa msituni, gorila, na mandrill, nyani wa pua nyekundu wanaotembea kwa makundi ya mamia.

Kwenye miamba kuna michoro ya kuchonga takriban 1,800 iliyoachwa na watu wa kale. Bonde hili lilikuwa moja ya njia za wahamiaji, wakiwemo Wabantu, ambao lugha zao ni ukoo mmoja na Kiswahili. Mwaka 2007 UNESCO iliitangaza Lopé Urithi wa Dunia, eneo la kwanza la Gabon kupata hadhi hiyo.

Kufika ni shughuli

Wengi hutumia treni ya Transgabonais, reli ya kilomita 650 hivi kutoka Libreville hadi Franceville. Njia ni moja tu, na treni za abiria zinapishana na za madini ya manganese. Kuchelewa ni kawaida.

Rwanda inamtoza mgeni dola 1,500 kuona gorila na watu wanalipa. Ukishuka Kigali, saa chache kwa gari uko mlimani.

Nani anabeba gharama?

Utafiti uliochapishwa 2020 katika jarida la Science ulionyesha kuwa uwezekano wa kukuta matunda yaliyoiva Lopé ulishuka kwa asilimia 81 kati ya 1986 na 2018. Afya ya miili ya tembo nayo ilishuka asilimia 11 ndani ya miaka kumi. Watafiti wanahusisha hali hiyo na mabadiliko ya tabianchi.

Wakati huohuo, wakulima sehemu mbalimbali za Gabon wanalalamika tembo wanamaliza mazao yao.

Watalii hawawezi kurudisha matunda msituni. Ila pesa yao ikifika kijijini, mkulima anapata sababu ya kumvumilia tembo. Kwa sasa hasara anaiona shambani, faida anaisikia redioni. Ndiyo maana suala la Lopé linaanzia relini, kabla hata ya hoteli.